Glovu Nyeupe Tamashani

Kwa wiki tatu mfululizo Bi Vernell Tillery, mkazi wa upande wa magharibi wa Atlanta, alikuwa kwenye mgomo. Hakuutangaza, wala hakubeba bango, lakini kila mtu nyumbani aliujua kwa dalili zake: gauni la nyumbani lenye maua ya zambarau, lililovaliwa Jumatatu hadi Jumatatu, sahani ya mayai na uji mzito wa mahindi, iliyorudi jikoni kama ilivyotoka, na kiti cha sebuleni, ambacho sasa kilikuwa kimechukua umbo la mwanamke wa miaka sabini na minne aliyeamua kutoinuka.

Chanzo cha mgomo kilikuwa mlango. Miaka arobaini na sita Bi Vernell alikuwa amesimama kwenye mlango wa Kanisa la Bethsura akiwa na gauni jeupe, viatu vyeupe na glovu nyeupe, akiwapeleka watu kwenye viti kwa ishara za mikono tu. Mhudumu wa mlango anayefungua mdomo katikati ya mahubiri hana tofauti na king'ora cha zimamoto. Kisha akaja mchungaji mpya, Kendrell Mabry, miaka thelathini na mitatu, meno meupe, na maono. Katika maono hayo mlikuwa na Kikosi cha Ukarimu: vijana wenye fulana nyeusi na vidude vya kusikilizia masikioni.

"Glovu zinawatisha vijana, Mama Tillery," alimwambia mbele ya watu, huku akimgongagonga begani kama mtu anayepima tikiti maji. "Umetumika vya kutosha. Sasa keti upumzike."

Jumapili ya tatu ya Agosti angekabidhiwa kibao cha heshima chenye jina lake. Bi Vernell alikuwa amesema hatakwenda. Mwanawe Roscoe, dereva wa basi la jiji, hakuogopa kibao. Aliogopa kiti. Alikuwa amewaona wazee wa mtaa ule wakiketi hivyo, na hakuwa amemwona hata mmoja aliyeinuka.

Jumamosi, siku moja kabla ya kibao, msiba mwingine uliingia nyumbani. Huu ulimpata Keturah, binti wa Roscoe, miaka kumi na sita.

"Tavion amejitoa!" alilia, akiingia jikoni na simu mkononi. "Eti amepata zamu kazini. Leo! Leo hii!"

"Basi mwombee," alisema Roscoe, akifunga vifungo vya shati la kazi.

"Baba, tiketi zimeandikwa: aliye chini ya miaka kumi na nane aje na mtu mzima, na mtu mzima wangu alikuwa Tavion. Nimeuza aisikrimu majira yote ya joto. Dola themanini na tano kila moja. Indigo Pettway anapanda jukwaani saa kumi na moja! Nikimkosa Indigo Pettway, mnizike."

"Wapi? Makaburi nayo yamepanda bei."

"Baba!"

Mama yake Keturah alikuwa mji wa Macon akimwuguza dada yake. Roscoe alikuwa na basi. Mtu mzima mwingine katika nyumba ile alikuwa sebuleni, akitazama televisheni iliyozimwa. Baba na binti walitazamana, kisha wakatazama mlango wa sebule, kisha wakatazamana tena.

"Hapana," alinong'ona Keturah.

"Mama!" Roscoe aliita. "Utamsindikiza mjukuu wako kwenye Tamasha la Fahari?"

"Ni nini hicho?" sauti ilitoka kwenye kiti.

"Muziki. Chakula. Watu weusi wamependeza."

"Hayo yote yako hapa nyumbani, isipokuwa muziki."

"Unaona? Hataki," alisema Keturah haraka. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtoto ambaye shetani humtembelea asubuhi na mapema, akaongeza kwa upole wa malaika: "Halafu, Bibi, kuna sharti la mavazi. Leo ni siku ya Nguo za Jumapili. Kila mtu lazima aje na nguo zake za Jumapili. Najua wewe zako umeshazikunja."

Aliamini amefunga mlango na kutupa ufunguo. Kisha kiti kililia, kwa sauti ambayo hakuna aliyeisikia kwa wiki tatu. Miguu ikaburuza hadi chumbani. Dakika ishirini baadaye Bi Vernell alitokea: gauni jeupe lililopigwa pasi hadi linakata, soksi nyeupe, viatu vyeupe vya kufunga kamba, glovu, na kifuani beji ya dhahabu iliyosema MHUDUMU MKUU, MIAKA 46.

"Nani amesema nimezikunja?" aliuliza. "Twende. Na wewe, hiyo sketi iko wapi sehemu yake ya pili?"

Roscoe aligeukia sinki akajifanya anaosha kikombe, ili mama yake asiuone uso wake.

*

Tamasha lilikuwa katika bustani ya umma iliyozungushiwa uzio wa waya, na watu walikuwa wametii sharti la Nguo za Jumapili kila mmoja kwa imani yake. Walikuwepo wanaume wenye suti za waridi na viatu vya visigino. Walikuwepo wanawake wenye kofia za kanisani pana kiasi kwamba aliyesimama nyuma alipata kivuli bure. Kijana mmoja mwenye nywele za rangi ya bahari alivaa joho la mchungaji lililoshonwa kwa vipande vya vioo, na kila alipogeuka alipofusha watu sita. Hewa ilinuka kambare wa kukaanga, mafuta ya nywele, na mapaja ya bata mzinga yaliyokuwa yakiokwa moshini.

Keturah alikuwa na mpango: kutembea hatua nne mbele ya bibi yake, kama watu wasiofahamiana. Mpango ulidumu dakika mbili.

"Yesu wangu, tazameni huyu!" alipiga kelele msichana mwenye suti ya kijani inayometa. "Bibi, umetisha! Umeua! Mpaka soksi!"

"Na beji!" mwenzake alidakia. "Ameweka mpaka beji! Huyu hakuja kucheza."

Mpiga picha alipiga magoti mbele ya Bi Vernell kana kwamba anaomba toba. "Mama, samahani. Hii umekodi wapi?"

"Nimekodi nini?"

"Hii. Vazi. Mhusika."

Bi Vernell alilitazama gauni lake. "Hili ni langu."

"Basi umelishona mwenyewe! Kipaji hicho! Hebu weka mkono mgongoni, kama wale wa zamani. Ndiyo! Hivyo hivyo! Usicheke, wale walikuwa hawacheki."

Alipiga picha nane na kumshukuru. Yule wa joho la vioo alikuja kusimama kando yake, akaweka ngumi nyuma ya kiuno, akakaza uso, na marafiki zake wakacheka mpaka wakashikana.

"Keturah," alisema Bi Vernell polepole, "hawa watu wananicheka?"

"Hapana, Bibi. Wanakusifu."

"Wanamsifu nani? Wanadhani nimevaa mtu aliyekufa."

Shuleni Keturah alikuwa bingwa wa majibu. Aliwahi kumjibu mwalimu wa hesabu mpaka mwalimu akaomba likizo. Lakini jambo hili lilimpita kimo. Alitazama simu: saa kumi na dakika ishirini. Watu walikuwa wameanza kumiminika kuelekea jukwaa kuu.

"Bibi, kuna hema la wazee pale, lina kivuli na maji baridi. Keti upumzike kidogo. Indigo akimaliza, nakuja, tunaondoka."

Neno lilikwisha kutoka kabla hajalisikia. Bi Vernell alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto anayenyonya, yaani bila hasira, maana mtoto hajui.

"Sawa," alisema. "Nitaketi."

Akaenda, akaketi kwenye kiti cha plastiki kati ya mzee aliyelala na kikongwe aliyekula karanga za kuchemsha. Akavua glovu ya kwanza, kidole baada ya kidole, akaiweka mapajani. Alipokuwa akianza ya pili, Keturah aligeuka akakimbia, akijiambia kwamba kinachomchoma kifuani ni jua.

*

Mvua ya Agosti katika mji ule haibishi hodi. Saa kumi na dakika arobaini na tano anga upande wa kaskazini lilikuwa na rangi ya jeraha. Dakika tano baadaye sauti ya mwanamke ilitoka kwenye spika: "Ndugu zangu, kuna radi inakuja. Tunawaomba mtoke eneo la jukwaa kwa utulivu, muelekee ukumbi wa michezo wa shule iliyo ng'ambo, mkipitia lango la..."

Lango la nini, haikujulikana. Radi iliipiga njia ya umeme, jenereta ikakohoa, na spika zote zikanyamaza pamoja.

Eneo la jukwaa lilikuwa na watu elfu tatu na malango mawili. La kushoto lilikuwa limezibwa na gari la kuuza vitafunio, ambalo mwenyewe alikuwa ameliegesha hapo kwa dakika moja tu, saa mbili zilizopita. Watu walielekea la kulia. Walinzi wanne wenye vizibao vya rangi ya chungwa walianza kupiga kelele, na kila mmoja alipiga kelele zake.

"Rudini nyuma!"

"Songeni mbele!"

"Msisukumane!"

"Jamani, mimi nimeajiriwa leo asubuhi!"

Mvua ikaanguka. Watu wa nyuma, wasiojua kwamba mbele pamebana, walisukuma. Watu wa mbele, wasioweza kusonga, walianza kupiga mayowe. Keturah alikuwa upande wa kulia, kifua kimeegemea uzio, mkono wa mtu asiyemjua shingoni mwake. Alijaribu kuvuta pumzi akapata nusu. Karibu naye mtoto wa miaka mitatu alikuwa mabegani kwa baba yake, na baba alikuwa anaanza kuinama. Keturah alipiga kelele, "Bibi!", lakini kila mtu alikuwa akimwita mtu.

Kutoka kwenye hema la wazee Bi Vernell aliona lango lote. Aliona kile ambacho mtu aliyesimama mlangoni miaka arobaini na sita hukiona: kwamba watu wa mbele hawana tatizo la kutoka, wana tatizo la watu wa nyuma kutojua. Akavaa glovu yake tena. Akamwambia mzee aliyelala, "Samahani, kaka," akavuta kreti ya soda iliyokuwa chini ya miguu yake, akaibeba mpaka pembeni mwa lango, akapanda.

Hakupiga kelele. Kelele zilikuwa zimeshajaa. Aliweka ngumi ya kushoto nyuma ya kiuno, akanyoosha mgongo, na akainua mkono wa kulia juu, kiganja kikitazama watu. Katika ule ukungu wa mvua, kitu pekee kilichoonekana vizuri kilikuwa glovu.

Wa kwanza kuiona alikuwa mzee wa suti ya waridi, katikati ya umati. Aliacha kusukuma. Hakuamua kuacha, mwili wake uliacha, kama ulivyokuwa ukiacha alipokuwa na miaka minane na akajaribu kupita wakati wa sala. Kisha, bila kujua kwa nini, naye akaweka ngumi mgongoni, akainua kiganja na kugeukia walio nyuma yake.

Wa pili alikuwa msichana wa suti ya kijani. Wa tatu, mpiga picha. Inasemekana hakuna mtoto wa Kibatisti katika mji ule ambaye hakuwahi kulazimishwa kusimama mlangoni Jumapili ya vijana, akilia, katika viatu vya kubana. Elfu tatu walikuwa wamevaa Jumapili kama utani, na sasa Jumapili yenyewe ilikuwa ikiwaamuru. Viganja viliinuka safu kwa safu mpaka nyuma kabisa, na kelele zikashuka kama redio iliyopunguzwa sauti.

Mkono wa Bi Vernell ulishuka. Vidole viwili: wawili wawili. Mkono ukapepea kuelekea kiunoni: safu hii, piteni. Kiganja: ninyi, ngojeni. Akamwelekezea kidole baba mwenye mtoto, akamwita kwa kukikunja. Uzito ukaondoka mgongoni mwa Keturah kama mlango uliofunguliwa. Alitoka akishikana mkono na kijana wa joho la vioo, ambaye alikuwa akilia na kusema, "Mama yangu hataamini, mama yangu hataamini."

Alipopita chini ya kreti, Keturah aliinua uso. "Bibi..."

Bi Vernell hakumtazama. Mhudumu haangalii jamaa zake akiwa kazini. Alimpa ishara ya kidole: songa, mwanangu, unazuia njia.

Elfu tatu walitoka kwa dakika ishirini na moja. Hasara iliyoripotiwa ilikuwa kofia mbili, kisigino kimoja, na paja la bata mzinga lililokanyagwa likiwa bado halijang'atwa, jambo ambalo mwenyewe alilisimulia kwa uchungu kuliko yote.

*

Ukumbi wa shule ulijaa mvuke wa watu waliolowa. Mwanamke mwembamba aliyenyoa kipara, redio ya mkononi ikining'inia, alikuja akipenya. Aliitwa Nyla Broadnax, na malango yote ya Tamasha la Fahari yalikuwa chini yake, jambo ambalo siku ile hakulifurahia.

"Mama," alisema, akiizima redio. "Mama, walinzi wangu wameniambia. Wewe uko kampuni gani?"

"Kampuni kubwa," alisema Bi Vernell, akikamua glovu. "Mkuu wake huwa hachelewi kama ninyi. Nani aliegesha lile gari langoni?"

"Nitashughulikia."

"Shughulikia sasa. Na yule mtoto wenu aliyeajiriwa leo asubuhi, mpeni chai, bado anatetemeka."

Nyla alipokea amri zote mbili kama mtoto wa shule. Kisha akasema radi imepita, mafundi wamewasha umeme, na kipindi kitaendelea saa moja kamili jioni. "Tumekuwekea kiti, Mama. Mbele kabisa, kando ya jukwaa. Cha mto. Wewe na mjukuu wako. Hutafanya chochote tena, utaketi tu."

Keturah alishika mdomo. Mbele kabisa! Angeweza kuhesabu kope za Indigo Pettway.

"Na mlangoni atakuwa nani?" Bi Vernell aliuliza.

"Tutaweka mtu."

"Mtu gani?"

Nyla alimtazama mlinzi aliyeajiriwa asubuhi, kisha akatazama sakafu.

Simu ya Keturah iliita. Ilikuwa Roscoe, na alikuwa akipiga kelele ndani ya basi lililosimama. Alikuwa ameona video ya lango. Abiria wote walikuwa wameona video. "Mko wazima? Mama yuko mzima? Mpe simu! Mama! Mchungaji Mabry amenipigia mara mbili. Anauliza kama kesho utakuja kuchukua kibao, na kama... anasema kama ungependa kusema maneno mawili kwa Kikosi cha Ukarimu."

"Mwambie nitakuja," alisema Bi Vernell. "Kibao nitakichukua, ni kizuri, kina jina langu. Kuketi, hapana. Maneno yangu yatakuwa hayo mawili tu: simameni wima. Umekula, mwanangu?"

"Mama, wewe ndiye hujala wiki tatu!"

"Ndiyo maana nauliza. Nina njaa."

Kisha akamrudishia mjukuu simu, akamgeukia Nyla. "Kiti chako nakishukuru. Mpe yule kikongwe wa karanga. Nionyeshe lango."

Alianza kutembea. Keturah alibaki amesimama kati ya njia mbili: mlango wa mbele uliokwenda kwenye kiti cha mto, na mgongo mweupe uliolowa uliokuwa ukienda upande mwingine. Nyla alimtazama. "Wewe unaweza kukaa mbele peke yako, mdogo wangu. Hakuna neno."

"Asante, dada," alisema Keturah. "Yule peke yake hawezi. Lango lina pande mbili."

*

Saa moja kamili walisimama, bibi upande wa kushoto wa lango na mjukuu upande wa kulia, ngumi mgongoni, migongo yao ikiwa imeelekea jukwaa. Ndivyo mhudumu anavyosimama. Nyuma yao umati ulilipuka, na sauti ya Indigo Pettway, sauti ile ile iliyokuwa ikiishi katika simu ya Keturah, ikapanda hewani hatua hamsini kutoka shingoni mwake.

"Usigeuke," alisema Bi Vernell bila kusogeza midomo.

"Bibi, nimelipa dola themanini na tano."

"Angalia mbele."

Mbele kulikuwa na mteremko wa nyasi zilizolowa, na juu yake watu waliokuwa bado wanangoja kuingia, na wale walioshindwa kuingia. Keturah aliangalia kwa hasira. Kisha aliangalia kweli. Msichana wa suti ya kijani alikuwa amefumba macho, maji ya mvua yakishuka na vipande vya kumeta mashavuni. Mzee wa suti ya waridi alikuwa amevua viatu vya visigino, amevikumbatia. Kijana wa nywele za bahari aliimba kila neno bila kutoa sauti, na mlinzi aliyeajiriwa asubuhi, kikombe cha chai mkononi, alikuwa akiyumba taratibu kinyume na kanuni zote za kazi. Wimbo ulipopanda, nyuso zote zilipanda nao, mamia, kwa wakati mmoja, kama pazia lililoinuliwa.

"Hiki ndicho ulichokuwa unakiona kila Jumapili?" Keturah alinong'ona.

"Kwaya inamwona mchungaji. Mchungaji anaona saa. Sisi ndio tunaoona wimbo unapofika."

Bwana mmoja mnene alikuja akikimbia kutoka maegesho, kadi kubwa ya udhamini ikirukaruka tumboni, akalenga katikati ya lango. Kiganja cha Keturah kilikuwa juu kabla yeye mwenyewe hajajua.

"Wimbo ukiisha, mzee wangu."

"Binti, unajua mimi ni nani?"

Keturah alimtupia bibi yake jicho la kuomba msaada. Bi Vernell alikuwa akitazama mbele, mwenye shughuli zake.

"Ndiyo, mzee," alisema Keturah. "Umechelewa. Lakini njoo usimame hapa kando yangu. Geuka. Si huko, huku."

Yule bwana alifungua mdomo kulalamika, akageuka, akaona nyuso. Mdomo ukabaki wazi. Alisimama pale wimbo mzima, yeye aliyelipia nusu ya jukwaa, bila kulitazama hata mara moja.